Umealikwa kwenye utafiti wa kingamwili za VVU? Fanya haya kabla ya kutia sahihi

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi na VVU, anayemeza ARV zake vizuri, ambaye ameitwa pembeni kliniki na kuambiwa kuna utafiti wa kingamwili na kwamba anaweza kufaa. Mimi ni muuguzi mshauri. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na watu wa namna hiyo tukiifungua fomu ya ridhaa ukurasa kwa ukurasa. Nimeona watu wakikubali kwa sababu nzuri, na nimeona wengine wakikataa kwa sababu nzuri vilevile. Kinachoniuma ni mtu kuamua, upande wowote, bila kuelewa jambo moja ambalo ndilo mzizi wa tiba hii: kingamwili haipigani na VVU kwa jumla. Inavishika virusi ulivyo navyo wewe, au inavikosa. Hilo ndilo swali la kwanza, na mwongozo huu karibu wote unalizunguka.

Kabla sijaendelea, ARV zako zinaendelea. Hakuna habari ya kingamwili, hata iwe nzuri vipi, inayokuruhusu kuacha dawa ukiwa peke yako nyumbani. Ukiacha, kwa watu wengi virusi hurudi ndani ya wiki 2 hadi 4, na mara nyingi hurudi kimyakimya bila homa wala upele wa kukushtua. Wanaosimamisha dawa ndani ya utafiti hupimwa damu mara kwa mara na watu wenye amri ya kuwarudisha kwenye vidonge siku yoyote. Mtu aliyeacha nyumbani hana ulinzi huo.

Elewa kinachoingia mwilini mwako

Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili kumshika mvamizi. Wewe mwenyewe unazo za VVU. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kilizitafuta hizo ndipo kikatoa jibu. Kwa hiyo watu huniuliza, na wana haki ya kuuliza: kama ninazo tayari, mbona hazikunikinga?

Jibu liko kwenye ngozi ya kirusi. Juu yake kuna protini mbili zilizoungana, gp120 na gp41, ambazo kirusi hutumia kuingia kwenye seli za kinga ziitwazo CD4. Protini hizo zimevikwa sukari nyingi zinazotoka kwenye mwili wako mwenyewe, kwa hiyo kinga huziona kama za nyumbani na haishtuki. Pale palipobaki wazi, kirusi hupabadilisha kila kinapojinakili. Mwili unatengeneza kingamwili ya kirusi cha mwezi uliopita wakati cha leo kimeshabadilika sura. Mbio hizo haziishi.

Ila kwa watu wachache, baada ya kuishi na maambukizi kwa miaka kadhaa, baadhi ya kingamwili hukomaa na kufika mahali ambapo kirusi hakiwezi kubadilika ovyo bila kujiumiza. Pamoja na sehemu nyingine chache, pako pale kinaposhikia CD4: kikipaharibu, hakiingii tena kwenye seli. Kingamwili za namna hii hushika aina nyingi za VVU kutoka pande nyingi za dunia, na ndiyo maana watafiti huziita kingamwili zenye wigo mpana. Mwaka 2009 zilitangazwa PG9 na PG16, zilizotoka kwenye damu ya mtu mmoja wa Afrika. Mwaka 2010 ikafuata VRC01, kutoka kituo cha utafiti wa chanjo cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Maabara ya Michel Nussenzweig katika Chuo Kikuu cha Rockefeller ikaleta 3BNC117 na 10-1074. Nyingine, ambayo jina lake huanza na CAP256, ilitokana na damu ya mwanamke wa KwaZulu-Natal aliyekuwa akifuatiliwa na watafiti wa CAPRISA, kituo cha utafiti wa UKIMWI cha Afrika Kusini.

Naomba usipite haraka hapo. Kila moja ya dawa hizi ilianza ndani ya mwili wa mtu anayeishi na VVU, aliyekubali kutoa damu bila kujua itazaa nini. Maabara ilichukua seli iliyokuwa ikitengeneza kingamwili ile, ikanakili maelekezo yake ya vinasaba, ikayapandikiza kwenye seli zinazokuzwa kwenye matangi, na sasa protini ileile inatengenezwa kwa wingi na kusafishwa. Hakuna damu ya mtu kwenye chupa utakayowekewa. Hofu hiyo huwa ninaisikia sana, na ni vizuri iondoke mapema.

Ikishaingia mwilini, kingamwili hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kukiziba kirusi kisiingie kwenye seli mpya. Ya pili ndiyo inayowafanya watafiti wakeshe: inaweza kujishikiza kwenye seli iliyokwisha kuambukizwa, ile inayoonyesha protini za kirusi juu yake, na kuziita seli nyingine za kinga zije kuiua. ARV hazifanyi hivyo. ARV huzuia kirusi kujinakili, lakini seli zilizokificha bila kukitoa hubaki zimelala kwa miaka, na hizo ndizo chanzo cha virusi kurudi mtu akiacha dawa. Seli iliyolala kabisa haionyeshi kitu juu yake, kwa hiyo hata kingamwili huipita bila kuiona. Ndiyo maana tafiti nyingine huongeza dawa ya kuzichokoza seli hizo au kuiamsha kinga.

Utaona pia herufi LS mwishoni mwa majina mengi. Maana yake ni kwamba sehemu ya mkia wa kingamwili imebadilishwa kidogo ili mwili usiivunje haraka. VRC01 ya kawaida hupungua nusu yake kwa wiki mbili hivi; VRC01LS huchukua zaidi ya miezi miwili. Herufi hizo mbili ndizo zinazowezesha watu kuzungumzia sindano chache kwa mwaka badala ya dripu kila mwezi. Zina upande wa pili pia, nitaufikia.

Swali la kwanza: zinavishika virusi vyangu?

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na kila mtu.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya majaribio mawili makubwa yaitwayo AMP, yaliyochukua zaidi ya watu 4,600 wasio na VVU, wakiwemo wanawake wa Tanzania, Kenya, Malawi, Msumbiji, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Walipewa dripu ya VRC01, au dripu isiyo na dawa, kila baada ya wiki 8. Kwa jumla VRC01 haikuzuia maambukizi. Lakini walipochambua virusi vyenyewe, waligundua kwamba dhidi ya vile vinavyodhurika kirahisi na VRC01, kinga ilikuwa kama asilimia 75. Shida ni kwamba virusi vya namna hiyo vilikuwa kama asilimia 30 tu ya vilivyokuwa vikizunguka kwenye jamii hizo. Utafiti ule ulikuwa wa kuzuia na si wa kutibu, lakini funzo lake linamgusa kila mgonjwa: dawa nzuri inayokutana na kirusi kisichoshikika ni maji matupu.

Kwa hiyo uliza, kwa maneno haya hasa: "Mtapima kama virusi vyangu vinashikwa na kingamwili hizi kabla hamjanipa?" Tafiti nyingine hupima kabla, na asiyefaa haendelei. Nyingine hupima baadaye, kwa ajili ya kuelewa matokeo. Zote mbili zinaweza kuwa halali. Ila wewe unatakiwa kujua uko kwenye ipi, kwa sababu katika ile ya pili unaweza kuwekewa kitu ambacho tangu mwanzo hakikuwa na nafasi ya kukusaidia.

Ukipimwa, elewa kinachopimwa. Kwa kuwa dawa zako zimefubaza virusi na havionekani kwenye damu, maabara haina kirusi cha kuchota moja kwa moja. Hutumia seli zako, husoma vinasaba vya VVU vilivyojificha humo, na kuangalia kama ngozi ya kirusi kinachotokana navyo inashikwa. Kipimo hiki huchukua muda, kwa hiyo usihesabu siku kama unavyosubiri majibu ya malaria. Pia hakioni kila kitu. Mwilini mwako kuna virusi vya sura nyingi vilivyojificha, na kipimo hukutana na baadhi tu. Mtu anaweza kufaulu na bado kirusi kimoja kilichojificha kikapenya baadaye. Jibu zuri ni tegemeo, si dhamana.

Uliza pia kuhusu aina ya VVU inayotawala unakotoka na unakoishi. 10-1074, kwa mfano, inategemea sukari fulani kwenye gp120, na aina ya VVU iliyozoeleka Kusini Mashariki mwa Asia, ambayo watafiti huiita CRF01_AE, kwa kawaida haina sukari hiyo mahali pale. Kingamwili za ukoo wa CAP256 ni hodari dhidi ya aina C, inayotawala kusini mwa Afrika, na ni dhaifu dhidi ya aina B ya Ulaya na Marekani. Mtafiti mzuri atafurahi ukimuuliza hili. Akikuambia "zinafanya kazi kwa wote," mwombe akuelezee tena taratibu, kwa sababu hakuna inayofanya kazi kwa wote.

Swali linalofuata ni la hesabu: utapewa kingamwili ngapi? Moja peke yake haitoshi. VRC01 ilipojaribiwa peke yake kwa watu walioacha ARV chini ya uangalizi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha virusi vikirudi baada ya kama wiki 4, yaani kuchelewa kidogo sana. Mwaka 2018 kundi la Rockefeller lilichapisha matokeo ya 3BNC117 na 10-1074 zikiwa pamoja. Watu 9 kati ya 11 ambao virusi vyao vilishikika na zote mbili walikaa bila ARV kwa wiki 15 hadi zaidi ya 30, na katikati yake ni wiki 21. Kirusi kikitaka kuzikwepa mbili zinazoshika sehemu tofauti, kinalazimika kubadilika mahali pawili kwa wakati mmoja. Ni mantiki ileile iliyofanya ARV zitolewe kwa mchanganyiko.

Na ukiambiwa virusi vyako havishikiki, usilichukulie kama ugonjwa mpya. Hujawa na usugu wa ARV. Vidonge vyako haviangalii sukari za gp120, na vitaendelea kukulinda kama jana. Nasema hivi kwa sababu nimekaa na watu waliotoka kwenye chumba cha majibu wakilia kana kwamba wamepimwa upya.

Jua utafiti wako ni wa aina gani

Fomu nyingi huanza na kichwa kirefu kisichosomeka. Kipuuze kwanza, tafuta jibu la swali moja: je, nitaacha ARV zangu, na kama naacha, nabaki na nini?

Kuna tafiti za kubadilisha namna ya kutumia dawa. Hapo unaacha vidonge lakini unabaki na tiba kamili ya muda mrefu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa kuunganisha lenacapavir, ambayo ni ARV ya sindano ya kila miezi 6, na kingamwili mbili za LS zilizotokana na 3BNC117 na 10-1074, zinazotolewa pia kila miezi 6. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2025, watu 51 kati ya 53 waliokuwa kwenye mchanganyiko huo walikuwa bado na virusi vilivyofubazwa baada ya wiki 26. Wote walichujwa kwanza kwa kile kipimo cha kushikika. Mtu aliyechoka kuficha chupa ya vidonge anapolisikia hili, macho hung'aa, nami namwelewa kabisa.

Kuna ambayo si utafiti tena. Ibalizumab, nayo ni kingamwili, iliidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, Machi 2018, kwa watu ambao virusi vyao vimekuwa sugu kwa dawa nyingi. Hiyo haikigusi kirusi. Hujishikiza kwenye CD4 na kukifanya kirusi kishindwe kukamilisha kuingia. Huanza na miligramu 2,000 kwa dripu, kisha 800 kila wiki mbili, na hutumika pamoja na ARV nyingine, kamwe si peke yake. Kama dawa zako za sasa zinafanya kazi, haikuhusu.

Halafu kuna tafiti za kusimamisha ARV ili kuona kama kinga, baada ya kusaidiwa na kingamwili, inaweza kuvidhibiti virusi yenyewe. Hizi ndizo zinazohitaji moyo na akili tulivu, kwa hiyo nitazisema kwa kirefu.

Katika utafiti uliofanyika Durban kwa wanawake wa FRESH, kundi linalofuatiliwa na watafiti huko, wanawake 20 waliokuwa wameanza ARV mapema sana baada ya kuambukizwa walipewa kingamwili mbili pamoja na dawa ya kuamsha kinga, kisha wakasimamisha vidonge. Sita walifika wiki 48 bila ARV. Ni jambo kubwa, na profesa Thumbi Ndung'u na wenzake walilieleza kwa uangalifu mwaka 2025. Ila soma na upande wa pili wa hesabu: 14 hawakufika. Botswana, katika utafiti wa Tatelo, watoto 25 waliotibiwa tangu wakiwa wachanga waliachwa na kingamwili mbili tu. 11 waliendelea kufubaza virusi kwa wiki 24, na 14 walirudishwa kwenye ARV. Utafiti wa RIO wa Uingereza na Denmark ulionyesha takriban watu watatu kati ya wanne waliopewa kingamwili wakiwa bado wamedhibiti virusi kwenye wiki 20, wakati kwa waliopewa dripu isiyo na dawa ilikuwa kama mmoja tu kati ya kumi.

Takwimu hizo zinatia moyo, lakini hazisemi kwamba utapona. Ukiingia ukiamini unakwenda kupona, siku virusi vitakapoonekana utajiona umeshindwa, wakati hukushindwa kitu. Nawaambia watu hivi: ingia ikiwa unaweza kulipokea jibu la "vimerudi" na bado ukaona ulichokifanya kina thamani. Kama huwezi kwa sasa, kukataa ni uamuzi wenye heshima.

Kwa utafiti wa aina hii, hakikisha umepata majibu ya wazi. Damu itapimwa kila baada ya siku ngapi? Kiwango gani cha virusi, au kushuka kwa CD4 kwa kiasi gani, kutakurudisha kwenye ARV? Je, unaweza kurudi kwa kutaka tu mwenyewe, hata vipimo vikiwa vizuri? Jibu la hilo la mwisho lazima liwe ndiyo.

Mambo mawili ya kitabibu husahaulika. Kama una homa ya ini aina ya B, sema kabla hujaulizwa. Vidonge vingi vya ARV vina tenofovir na lamivudine, ambazo huikandamiza pia homa hiyo ya ini. Zikisimama, ini linaweza kuvimba vibaya. Na kama unatumia efavirenz, huwezi kuacha vyote siku moja. Efavirenz hukaa kwenye damu muda mrefu kuliko wenzake, ikabaki peke yake, na kirusi kinachokutana na dawa moja hujifunza usugu. Kwa kawaida unabadilishiwa dawa kwanza, ndipo tarehe ya kusimamisha ipangwe.

La mwenza ni zito zaidi. Tumewafundisha watu, na ni kweli, kwamba virusi vikifubazwa hadi visionekane hakuna maambukizi kupitia ngono. Ukweli huo unadumu muda wote virusi vinapokuwa vimefubazwa. Ukisimamisha dawa, kuna siku kati ya kipimo na kipimo ambapo virusi vinaweza kuwa vimepanda na hujui. Kondomu zirudi, na mwenza asiye na VVU apewe PrEP, yaani dawa ya kumkinga asiambukizwe, kabla ya siku ya kwanza ya kusimamisha. Uliza kama utafiti unaitoa. Kama mwenza hajui hali yako, usianze. Mweleze kwanza, ukitaka mshauri awepo, kisha ndipo urudi kwenye fomu.

Fomu ya ridhaa

Ichukue nyumbani, au ukiona si salama kwenda nayo, omba chumba na muda wa kuisoma. Mtu anayekuharakisha utie sahihi leo anakunyima haki yako. Kama hujui kusoma, una haki ya kusomewa mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti, na shahidi huyo atie sahihi yake pale unapoweka dole gumba.

Mimi huanzia nyuma. Kurasa za mwisho ndizo zenye namba ya kamati ya maadili, malipo ya matibabu ukipata madhara, na hatima ya sampuli zako. Soma kama damu yako itahifadhiwa kwa tafiti za baadaye na kama itavuka mipaka. Mara nyingi hilo lina kisanduku chake, na unaweza kulikataa huku ukikubali utafiti wenyewe. Angalia pia kama kuna kundi la dripu isiyo na dawa na kama watu wanagawanywa kwa bahati nasibu. Daktari hatakuchagulia kundi, na mara nyingi yeye mwenyewe hatajua uko lipi.

Utakuta sentensi kwamba unaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza huduma zako za kawaida. Ni kweli. Ongeza kwa kalamu yako, pembeni, yale niliyoahidi kuhusu LS: ukijitoa, kingamwili iliyokwisha kuingia haitoki. Itaendelea kupungua polepole kwa miezi. Kwa mwanamke hili lina uzito wake, kwa sababu kingamwili za aina hii huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Tafiti nyingi hudai uzazi wa mpango kwa sababu hiyo. Kama unapanga mimba ndani ya mwaka, sema wazi.

Siku ya dripu

Kula, kunywa maji, vaa nguo ya mikono inayopanda kirahisi. Utapimwa uzito, kwa sababu mara nyingi dozi hufuata kilo. Kwa dozi ya miligramu 30 kwa kila kilo, mtu wa kilo 60 anapata miligramu 1,800.

Ukitazama muuguzi anavyoandaa, utaona jambo ambalo kwa dawa nyingine hulioni: chupa haitikiswi. Inageuzwa taratibu, inainamishwa kuelekea kwenye mwanga kuangaliwa kama kuna chembe zinazoelea, na dawa inavutwa kwa sindano polepole, kwa sababu protini ikitikiswa hutoa povu na huharibika. Kisha inaingizwa kwenye mfuko wa maji ya chumvi. Kwa kawaida dripu yenyewe huchukua kati ya nusu saa na saa moja, na baada yake unabaki pale ukiangaliwa. Ukianza kutetemeka, kuwashwa, kichwa kuuma ghafla au kifua kubana, usisubiri uone kama kitapita. Inua mkono. Kazi yetu ni kufunga dripu, kukupima na kuamua kama itaendelea taratibu zaidi au isimame kabisa. Watu wenye aibu hunitia wasiwasi kuliko wanaolalamika.

Nyingine hutolewa kwa sindano chini ya ngozi, tumboni au pajani. Hapo uvimbe na maumivu kidogo kwa siku chache si ajabu. Lenacapavir yenyewe huweza kuacha kivimbe kigumu kinachohisika kwa vidole kwa muda mrefu.

Baada ya utafiti

Omba karatasi yenye jina la kingamwili ulizopewa, dozi, na tarehe ya mwisho. Iweke kwenye faili lako la kliniki ya kawaida, kwa sababu daktari mpya hatakuwa na njia nyingine ya kujua. Utafiti mwingine ukikuita, karatasi hiyo ndiyo itakayoamua unasubiri muda gani, maana mabaki ya kingamwili ya zamani huweza kuchafua matokeo ya mpya, na mwili wa mtu huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe. Kama virusi vilirudi, uliza pia kama vilivyorudi bado vinashikika, na jibu hilo liandikwe hapohapo.

Ukirudi kwenye ARV, pima wingi wa virusi kwa ratiba utakayopewa mpaka visionekane tena, na hadi siku hiyo kondomu zisiondoke. Kisha dai matokeo ya utafiti mzima yatakapotoka, yaelezwe kwa Kiswahili unachokielewa. Washiriki wengi hawarudishiwi neno kwa sababu hakuna aliyeuliza. Acha namba inayopatikana, na uwaandikie kwenye fomu kwamba unataka kuitwa.